Kipozamataza au kurumbiza madoa? Umfuate yupi ukiwa na asubuhi chache tu nyikani

Kama una asubuhi mbili tatu tu za kukaa nyikani, iwe Mkomazi iwe Tsavo iwe Samburu, na unataka umjue ndege mmoja kweli kweli, sio kumuona na kupita, chagua kabla hujatoka nyumbani. Nasema hivi kwa sababu ndege wadogo wa chini kule ni wengi na karibu wote wana rangi ya udongo na majani makavu, mtu akienda bila mpango anazunguka mpaka saa tano jua linampiga, anarudi kachoka na anachokumbuka ni kanga na mbuni. Ilishanitokea zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo leo nalinganisha wawili. Wa kwanza ni kipozamataza, na kwenye jamii ya vipozamataza namaanisha yule anayepiga mabawa hewani, wataalamu wanamuita Mirafra rufocinnamomea. Wa pili ni kurumbiza mwenye madoa kifuani, Cichladusa guttata, mi namuita kurumbiza madoa tu na hapa nitaenda na jina hilo. Kuna wengine nitawagusa njiani. Wote wawili ni waimbaji, wote chakula wanaokota chini, wote wanaishi kwenye ukame wa migunga na miti ya jamii ya manemane, lakini kuwatafuta ni kazi mbili tofauti kabisa. Mmoja anataka miguu na subira, mwingine anataka masikio na uamke mapema.

Tuanze na miguu yao maana hapo ndo utawatofautisha hata kabla hujainua darubini. Kipozamataza anatembea. Mguu huu, mguu huu, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, anasimama, anadonoa, anatembea tena. Kurumbiza madoa harudishi mguu mmoja mmoja, anaruka kwa miguu yote miwili, hop hop, anasimama mkia umeinuka kidogo, anapindua jani, anaruka tena. Kwahiyo ukiona kitu cha kahawia kinasogea chini ya kichaka na huna muda wa kuangalia rangi, angalia mwendo. Kipozamataza pia ana ukucha mrefu nyuma ya kidole cha kisigino, ukibahatika akasimama kwenye jiwe au kwenye tuta la barabara utauona.

Rangi sasa. Kurumbiza madoa hana ugumu, mgongo kahawia, mkia mwekundu wa kutu, kifua cheupe cheupe chenye madoa meusi yaliyomwagika kutoka shingoni mpaka ubavuni, ukimuona mara moja humsahau. Kipozamataza ndo mtihani. Huyu rangi yake inafuata udongo wa pale alipo, kwenye udongo mwekundu utakuta wekundu, kwenye udongo mweusi wanakuwa weusi weusi zaidi, kwahiyo picha ya kitabuni inaweza isifanane na uliyemkuta na bado akawa ndo yeye. Wapya wengi wanakata tamaa hapa. Mi nawaambia msimtambue kwa rangi, mtambueni kwa kile anachofanya juu.

Na anachofanya juu ndo sababu nampenda huyu ndege kuliko nilivyotegemea. Msimu wa mvua dume anapanda hewani, anapanda anapanda mpaka unakuwa unamtafuta angani kama nukta, halafu anagonganisha mabawa kwa vipande, prrrrt, kimya kidogo, prrrrt prrrt, kimya, anazunguka juu ya eneo lake, tena prrrrt. Sio sauti ya koo hiyo, ni mabawa. Mara ya kwanza nilipoisikia nilidhani kuna mtu anachana kitambaa mbali huko nyuma ya vichaka, nikageuka nikaangalia chini, nikaangalia pembeni, juu sikuangalia kabisa. Mzee mmoja mchungaji niliyekuwa nimesimama naye ndo akaniambia, "Mwanangu, inua kichwa." Akimaliza anajiachia, anashuka kama jiwe lililotupwa, na karibu na ardhi anajishika na kutua kwenye majani na hapo ndo unampoteza.

Kuna jambo moja zaidi. Mpangilio wa hayo mapigo haufanani kila mahali. Madume wa eneo moja wanapiga kwa mtindo mmoja, ukisogea mbali unakuta wengine wanapiga vingine, vipande vingi zaidi au vichache au nafasi katikati ni ndefu, ni kama lafudhi vile, mtu wa Lamu na mtu wa Mombasa wanaongea lugha moja lakini unajua huyu katoka wapi. Watafiti walishalirekodi hilo na kulipima miaka ya 1970. Kwahiyo ukiwa na simu yenye rekoda na ukarekodi madume wa upande mmoja wa barabara leo, na kesho ukaenda kilomita nyingi mbele ukarekodi tena, una kitu cha kulinganisha mwenyewe nyumbani umetulia. Kwa mtu anayependa kufuatilia jambo kwa undani sijui ndege mwingine mdogo wa nyikani anayekupa kazi nzuri hivi.

Lakini, na hii ni lakini kubwa, ni msimu. Ukienda Agosti au Septemba nyasi zimekauka, vumbi tupu, kipozamataza yupo lakini hapigi mabawa ovyo, anakimbia chini kimya kama panya na wewe utapita mita tano kutoka alipo hujui. Masika kuanzia Machi mpaka Mei, na vuli zile za Oktoba mpaka Desemba, mvua zikishika, ndo wakati wake. Kwa hiyo kama likizo yako iko kiangazi usijitese, mchague mwingine.

Na huyo mwingine ni kurumbiza madoa. Yeye anakaa kwenye giza la vichaka, sanasana kwenye mito mikavu ile ya mchanga ambako miswaki imeshonana na mikoma imesimama, na kwenye bustani za kambi na hoteli za hifadhini ambako wanamwagilia maji. Hapo anakuja mpaka kwenye njia ya kwenda bafuni. Nakumbuka kambi moja karibu na mto Ewaso Nyiro alikuwa anaokota wadudu chini ya meza za chakula huku watu wanakunywa chai, hana habari na mtu. Kipozamataza huwezi kumpata hivyo, yeye hataki kivuli kizito wala bustani, anataka uwazi wenye majani na vichaka vya hapa na pale na kichuguu cha kusimama.

Sauti ya kurumbiza madoa inaanza bado giza. Saa kumi na moja, saa kumi na moja na nusu, bado hujaona hata mstari wa mashariki, unasikia mluzi wa taratibu, wazi, unarudiwa, halafu unabadilika, unarudiwa tena. Anaimba pia jioni jua likizama. Na ni mwizi wa sauti, anachukua milio ya ndege wengine anaichanganya na yake, unakaa unasikiliza unasema huyo ni fulani, dakika hiyo hiyo sauti ya fulani mwingine inatoka kichaka hicho hicho, ndo unajua ni yeye mmoja. Kumsikia ni rahisi sana, kumuona akiimba ndo kazi maana anajibana ndani. Ushauri wangu usiingie kichakani kumfuata, tafuta pa kukaa nje, mgongo wako uwe kwenye mti, utulie. Akimaliza kuimba anashuka kula na hapo atatokea mwenyewe kwenye ukingo wa kivuli akipindua majani makavu, anatafuta mchwa na mende na vidudu vingine, matunda madogo madogo pia anakula.

Kwahiyo kwa sauti tu, ukiniuliza nani mzuri zaidi, kurumbiza madoa anashinda bila ubishi. Wimbo wa koo wa kipozamataza apigaye mabawa ni mdogo, mwembamba, hauendi mbali. Ila kwa tukio zima, mwili na sauti na anga, kipozamataza. Hawa hawapimwi kwa mzani mmoja, ndo maana nauliza watu kwanza wanataka nini.

Suala la kutembea nalo liangalie. Ndani ya Tsavo hushuki kwenye gari ovyo, sheria ni sheria na simba wapo kweli. Kurumbiza madoa unampata kambini bila kuvunja sheria yoyote. Kipozamataza unaweza kumuona ukiwa ndani ya gari, na gari kwa kweli ni maficho mazuri maana ndege wengi hawaliogopi kama wanavyoogopa mtu aliyesimama, ila zima injini, la sivyo ile prrrrt huisikii. Mkomazi ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2008 na inapakana na Tsavo Magharibi, ukiingilia lango la Zange upande wa Same, unaweza kupanga kutembea kwa miguu ukiwa na askari, na hapo kipozamataza anakuwa wa raha. Hata nje ya hifadhi, kwenye malisho na mashamba yaliyopumzishwa, yupo, huhitaji kiingilio, unahitaji tu ruhusa ya mwenye eneo na adabu ya salamu.

Viota nitasema kidogo na naomba msome vizuri. Kurumbiza madoa anajenga kikombe cha udongo juu ya tawi, ameuchanganya na nyuzi za mimea, unakauka unashikana kabisa, mi naona ni fundi wa kuheshimiwa kwa ndege ambaye muda wote unamuona chini. Kipozamataza anaweka chake ardhini kabisa, chini ya shungi la majani, kikombe cha nyasi chenye paa upande mmoja, mayai mawili au matatu. Ardhini! Mwaka mmoja nilikuwa nafuata dume aliyetua, macho juu, simu mkononi inarekodi, nikaweka mguu na ndege jike akaruka kutoka karibu kabisa na kiatu changu. Nilipoangalia kiota kilikuwa kiganja kimoja tu kutoka soli. Sikulala vizuri usiku ule nikifikiria kile kiganja. Tangu siku hiyo msimu wa kutaga sitoki njiani, nafuata njia za ng'ombe zilizoshakanyagwa, na nikiona ndege anaruka ruka karibu yangu ana wasiwasi na mdomo una mdudu hamezi, nageuka narudi nilikotoka moja kwa moja. Kama huwezi kujizuia kufuata ndege nje ya njia, mchague kurumbiza madoa, kiota chake hakipo kwenye njia ya viatu.

Haya, wale wengine.

Kuna kurumbiza mwenye nyusi nyeupe, Cercotrichas leucophrys, mdogo kuliko madoa, ana mstari mweupe juu ya jicho, michirizi kifuani, mabaka meupe kwenye bawa, na mkia mwekundu wenye ncha nyeupe ambao anaupandisha juu na kuufungua kama feni halafu anaushusha. Anaimba kwa nguvu, na dume mmoja ana tabia ya kushika kifungu kimoja na kukirudia rudia mpaka ukikariri. Huyu namshauri kwa mtu anayeanza kabisa na hayuko tayari kuamka saa kumi na moja, maana anaimba hata jua limeshatoka, mara nyingi kwenye ncha ya kichaka anapoonekana, na anapatikana sehemu nyingi sana za vichaka vya Afrika Mashariki mpaka kusini, sio kwenye nyika kali tu. Sina malalamiko naye yoyote. Ni vile tu ukishamjua utataka kwenda mbele.

Halafu yupo kipozamataza kifua cha waridi, Calendulauda poecilosterna, huyu ni wa nyika kavu hasa, Kenya, Somalia, kusini mwa Ethiopia mpaka kaskazini mashariki mwa Tanzania. Anachanganya watu kwa sababu ni kipozamataza anayependa kukaa juu ya mti, anaimbia kwenye kilele cha mgunga, sauti nyembamba inaanza pole pole halafu inaharakisha. Uso na kifua vina rangi ya waridi iliyofifia yenye kahawia. Faida yake kwa mchaguzi ni kwamba anakaa mahali pamoja akiimba, unaweza kumpiga picha nzuri. Kama kamera ndo kitu chako kuliko rekoda, muweke juu ya yule wa mabawa. Wa mabawa picha zake zitakuwa nukta nyeusi kwenye anga, naongea kwa uzoefu.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu yule wa Longido. Ndio, yupo, kipozamataza wa Beesley, Chersomanes beesleyi, uwanda wa Engikaret kaskazini mwa Arusha njia ya Namanga, alielezwa kisayansi mwaka 1966, na kwa dunia nzima anajulikana kwenye eneo hilo dogo tu. Mkia mfupi, mdomo mrefu uliopinda kidogo, anasimama wima kama askari na anakimbia kwenye nyasi fupi fupi akiwa na wenzake kwenye vikundi vidogo. Jamaa yake wa karibu anaishi kusini huko, Botswana na Namibia na Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo, katikati hakuna kitu. Ukimfikiria hivyo, kikundi kidogo kilichobaki peke yake kwenye uwanda kati ya mlima Meru na Longido, moyo unakushika. Ila simuweki kwenye ulinganisho huu kama chaguo la kwanza na nitasema wazi kwa nini. Wamebaki wachache mno, kila gari linaloacha njia kuwafuata linakanyaga pale pale wanapotaga, na mtu ambaye hajazoea kufuata kipozamataza wa kawaida bila kumsumbua bado hajawa tayari kumfuata huyu. Jifunze kwanza kwa yule wa mabawa msimu mmoja mzima. Baadaye ukienda Engikaret nenda na vijana wa Kimaasai wa pale pale wanaoujua uwanda, wanajua wako wapi na wanajua pa kusimama, walipe vizuri, na gari libaki njiani.

Na ndugu zetu mlioko Oman na nchi za Ghuba, msidhani mmeachwa. Kule jangwani kuna kipozamataza mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda, miguu mirefu, akifungua mabawa unaona weusi na weupe kama wa hudihudi. Dume anaanza kwa mluzi wa taratibu wa huzuni, unakaza, anapaa wima, anajipindua, anashuka akizunguka mpaka chini. Kwa mtu aliyeko huko hakuna haja ya kulinganisha, anza na huyo, toka na gari alfajiri kwenye kokoto tambarare nje ya mji. Na mchana usimtafute. Huko Saudi Arabia vipozamataza wameonekana wakiingia kwenye mashimo ya yule mjusi mkubwa ambaye Waarabu wanamuita dhabb kukwepa joto, ujue ni joto la namna gani hilo.

Hata huku kwetu mchana ni hivyo hivyo kasoro mashimo. Kuanzia saa nne wote wawili wanapungua, kipozamataza anajibanza kwenye kivuli cha shungi la majani mdomo wazi akihema, kurumbiza anaingia ndani zaidi. Ukimkuta ndege anahema mdomo wazi usimuinue, ule uvuli ndo maji yake.

Kitu kingine ambacho kinanikera kwa dhati ni kupiga sauti ya ndege kwenye spika ili atokee. Kwa kurumbiza madoa inafanya kazi, atakuja, maana anadhani kavamiwa, anaacha kula anaanza kuzunguka kutafuta adui ambaye hayupo. Ukifanya hivyo kambini kila mgeni naye akifanya hivyo ndege hana siku ya kupumzika. Asubuhi moja ya kukaa kimya inatosha kabisa kwa huyu ndege, anaimba mwenyewe bila kuombwa, spika ya nini.

Vifaa havitofautiani sana. Kwa kurumbiza madoa darubini yoyote inatosha, hata ya bei rahisi, kwa sababu atakuja karibu, na tochi ya kichwani ya kutokea gizani, na chai kwenye chupa. Kwa kipozamataza darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42, itakusaidia sana kumtafuta angani, na kofia, na miwani ya jua, na maji mengi, na suruali ngumu maana miiba ya migunga haina huruma. Simu ya kurekodi kwa wote wawili, ila kwa kipozamataza rekodi ndefu, dakika tano sita bila kukata, kwa sababu ukimya ulio katikati ya mapigo nao ni sehemu ya mtindo wake na ukikata umepoteza.

Kwahiyo mimi ningechagua hivi. Uko kiangazi, au una watoto, au una mzazi ambaye magoti hayamruhusu, au una usiku mmoja tu kambini: kurumbiza madoa, weka alarm saa kumi na moja kasoro robo, toa viti nje jana yake. Uko kwenye mvua, una siku tatu au zaidi, una mtu wa kutembea naye anayeijua ardhi: kipozamataza, na usibadilishe mawazo siku ya kwanza ikiwa tupu, kwangu mara nyingi siku ya kwanza huwa tupu. Una asubuhi moja tu na ni Novemba mvua imenyesha jana, hapo ndo pagumu, na mi nafanya zote mbili, kurumbiza kuanzia kumi na moja mpaka kumi na mbili na nusu nikiwa nimekaa ukingoni mwa mto mkavu, halafu nanyanyuka napanda kwenye uwazi kabla jua halijakaza, nasimama kwenye njia ya ng'ombe, nainua kichwa.